Kutua Salama: Neno kwa Wazazi wa Marubani Wanafunzi



Katika miezi ya karibuni wazazi kadhaa wa jamii yetu hapa Uingereza wametuletea suala moja kwa sura mbalimbali. Kijana, wa kiume au wa kike, amefikia miaka 16 au 17, amefaulu mitihani yake, na badala ya kusema kwamba atasomea udaktari au uhasibu kama ilivyotarajiwa, anasema anataka kuwa rubani. Wengine wameshaanza masomo ya Jumamosi katika viwanja vidogo vya ndege. Hulipiwa kwa mishahara ya zamu za usiku, kwa fedha za upatu wa mama, au kwa akiba iliyowekwa kwa ajili ya safari ya nyumbani. Kisha, baada ya wiki chache, huja habari kwamba ndege ilidunda wakati wa kutua, au ilitoka nje ya njia ikaingia majanini. Hapo ndipo mzazi hutuuliza: Je, nimwachishe?

Sisi si marubani. Sisi ni walimu. Hata hivyo, kazi ya kufundisha imetuzoesha kuuliza kwa nini mwanafunzi hukosea pale anapokosea. Kwa ajili ya makala hii tumesoma taarifa za wachunguzi wa ajali, tumezungumza na wakufunzi, na tumesimama nje ya uzio wa kiwanja tukitazama wanafunzi wakitua na kupaa asubuhi nzima. Nia yetu ni kueleza kwa lugha ya nyumbani ni ajali zipi zitokeazo katika kutua, zipi za kuogopwa na zipi za kusameheka, na mzazi aulize nini kabla hajatoa fedha yake.

KWA NINI KUTUA?

Ndege ambazo vijana wetu hufundishiwa ni ndogo mno. Zilizo maarufu ni Cessna 152, yenye viti viwili, Cessna 172, yenye viti vinne, na Piper za namna ya PA-28, ambazo mbawa zake ziko chini ya dirisha. Cessna 152 zilitengenezwa baina ya mwaka 1977 na 1985, kwa hiyo mzazi asishangae kuona mwanawe anapanda chombo kilichoundwa kabla ya yeye mwenyewe kuoa au kuolewa. Uzee wa ndege pekee si hatari, maadamu inakaguliwa kila mwaka na kila inapotimiza saa zilizowekwa za kuruka.

Somo la mwanzo lililo zito ni lile la mizunguko. Ndege hupaa, hupanda hadi futi 1,000 hivi, huzunguka kiwanja kwa umbo la mstatili, hutua, na papo hapo hupaa tena. Kwa saa moja mwanafunzi aweza kutua kadiri ya mara nane. Mara nane hizo ndizo humpa maarifa, na ndizo pia humweka karibu na ardhi mara nyingi kuliko rubani wa safari ndefu. Isiwe ajabu, basi, kwamba kwa ndege ndogo zisizo za biashara ajali za kutua ni nyingi kuliko za hatua nyingine yoyote ya safari. Lakini la kumtuliza mzazi ni kwamba ni chache katika hizo ziuazo watu. Nyingi huishia kwa gurudumu lililovunjika, pangaboi lililopinda, na kijana aliyefadhaika.

Ugumu wa kutua uko katika dakika moja ya mwisho. Ndege inashuka taratibu, kwa mwendo wa maili za baharini 60 hadi 65 kwa saa, mwendo ambao marubani huuhesabu kwa noti. Inapokaribia ardhi, ikiwa imebakia kimo cha nyumba ya ghorofa moja, mwanafunzi hupunguza nguvu ya injini na kuinua pua kidogo kidogo, ili ndege iache kushuka, ielee sambamba na ardhi, na mwendo umalizike wenyewe. Ikifanyika sawasawa, magurudumu mawili ya nyuma hugusa kwanza, na gurudumu la pua hufuata. Akiinua mapema, ndege huishiwa na mwendo ikiwa bado juu, ikabwatika. Akichelewa, hugonga kwa pua. Baina ya mapema na kuchelewa kuna sekunde mbili au tatu, na kipimo chake ni macho. Ndiyo maana wakufunzi humkariria mwanafunzi kwamba asitazame chini mbele ya pua, bali atazame mbali, mwisho wa njia. Kama vile afunzwavyo mwendesha baiskeli kwamba akilitazama shimo ataingia shimoni.

AJALI ZENYEWE

Ya kwanza, na iliyo ya kawaida kabisa, ni kudunda. Ndege hugusa ardhi kwa nguvu, au kwa gurudumu la pua, ikaruka tena hewani kama mpira. Mwanafunzi, kwa hofu, husukuma usukani mbele ili airudishe chini. Ndege huteremka kwa pua na kudunda kwa nguvu zaidi. Yeye huvuta, husukuma, huvuta tena, na kila mara mkono wake unachelewa nyuma ya ndege. Mdundo wa kwanza kwa kawaida hauna madhara makubwa. Ni wa pili au wa tatu uvunjao gurudumu la pua na kulipigisha pangaboi ardhini. Dawa yake si kupambana na ndege, bali ni kuongeza nguvu yote ya injini, kuondoka, na kurudi kwa mzunguko mwingine.

Ya pili ni upepo wa ubavuni. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Nahodha anayeingia bandarini huku upepo ukimsukuma upande mmoja hakielekezi chombo mlangoni moja kwa moja. Hukielekeza kidogo upande wa upepo, na chombo hufika pale alipokusudia. Ndege nayo huja hivyo hivyo, pua ikiwa imegeukia upepo. Tofauti ni kwamba jahazi halina magurudumu. Kabla ya kugusa ardhi, rubani hulazimika kuinyoosha ndege ielekee sawa na njia, na kulaza ubawa wa upande wa upepo ili isisukumwe. Asipoinyoosha, magurudumu hugusa kwa mshazari, na ndege huchomoka kuelekea majanini. Watengenezaji wenyewe wameonyesha kutua kwa upepo wa ubavuni wa noti 12 kwa Cessna 152 na noti 15 kwa Cessna 172, na shule iliyo makini humwekea mwanafunzi kiwango cha chini zaidi ya hapo. Upepo wa omo, ule utokao mbele, ni rafiki wa anayetua. Na ndiyo sababu ndege hutua zikiuelekea.

Ya tatu ni kuja kwa kasi. Mwanafunzi aogopaye kuishiwa na mwendo hujiongezea noti chache za ziada, akidhani ndiyo salama. Lakini hesabu haina huruma: mwendo ukizidi kwa asilimia 10, umbali unaohitajika kutua huongezeka kwa kadiri ya asilimia 20. Ndege huelea na kuelea, njia inakwisha, na mbele kuna uzio. Majani yakiwa yamelowa, kama yalivyo huku kwa sehemu kubwa ya mwaka, breki hazisaidii sana.

Ya nne ni ile tuiogopayo, nayo haitokei ardhini bali katika kona ya mwisho kabla ya kunyooka na njia, ndege ikiwa futi 500 hivi. Ubawa hubeba ndege kwa sababu hewa inapita juu yake na chini yake kwa mwendo wa kutosha na kwa mshazari wa kiasi. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa huachana na mgongo wa ubawa, na ubawa huacha kubeba, kama tanga lililopotewa na upepo. Injini yaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Mwanafunzi aliyepitiliza mstari wa njia, akataka kujirudisha kwa haraka kwa kukanyaga pedeli na kuvuta usukani, anaweza kuusababisha ubawa mmoja uache kubeba kabla ya mwenzake. Ndege hubinuka na kuzunguka kama pia. Angekuwa juu sana angejiokoa, kwani hilo hufundishwa. Kwa futi 500 nafasi haitoshi. Ajali hii ni chache kuliko zile tatu, lakini ndiyo iuayo.

Katika hali zote nne, kinga ni moja: kughairi. Mwanafunzi anayeona kwamba yuko juu mno, au chini mno, au upande, au kwamba amedunda, anatakiwa aache kutua na kurudi tena. Si aibu. Rubani mwenye saa elfu kumi hughairi. Hata hivyo, kughairi nako ni ufundi unaotaka mazoezi, kwa maana nguvu ya injini ikiongezwa yote kwa ghafla, pua huinuka na ndege huvuta upande wa kushoto, na vibawa vilivyoteremshwa kwa ajili ya kutua vinatakiwa virudishwe kwa hatua, si vyote kwa pamoja. Mwanafunzi aliyefundishwa kutua mara 100 na kughairi mara 3 hajafundishwa kutua.

SIKU YA KURUKA PEKE YAKE

Hapa Uingereza, na Marekani pia, mwanafunzi anaruhusiwa kuruka peke yake akitimiza miaka 16, na kupata leseni akitimiza 17. Leseni ya kawaida ya rubani binafsi hutaka saa zisizopungua 45 hapa, na 40 huko Marekani. Wengi huhitaji zaidi. Siku ya kwanza ya kuruka peke yake haipangwi na mzazi wala na mwanafunzi. Mkufunzi, baada ya kuridhika, hufungua mlango, hushuka, na kusema: nenda mzunguko mmoja, urudi. Marekani ipo desturi ya mkufunzi kuukata kwa mkasi mgongo wa shati la mwanafunzi aliyerudi salama. Mama aliye huko asigombe akiona shati jipya limerejea bila mgongo.

Siku hiyo ndege yenyewe hubadilika. Cessna 152 iliyojaa kabisa haizidi kilo 757. Mkufunzi wa kilo 80 akishuka, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito imeondoka. Ndege hupanda haraka kuliko ilivyozoeleka, na katika kutua huelea mbali zaidi. Mkufunzi mwema humwambia mwanafunzi jambo hili kabla ya kufunga mlango.

Ajali yaweza kutokea bila kosa la mwanafunzi hata kidogo. Mwezi wa Septemba 2018, huko Beverly, Massachusetts, binti wa miaka 17 alipaa peke yake, na alipokuwa akiondoka ardhini gurudumu moja kuu likang'oka. Yeye hakuliona, waliokuwa chini ndio waliomwarifu. Kwa sauti ya mkufunzi katika redio, aliambiwa azunguke, atulie, na atue kama alivyofundishwa, akikawiza kadiri awezavyo kuugusisha ardhini upande usio na gurudumu. Ndege iliburuzika, ikageuka, ikasimama. Binti alitoka mzima. Tunaitaja habari hii kwa ajili ya wazazi waliotuuliza kama urubani ni kazi ya mtoto wa kike.

NENO "SIWEZI"

Habari ya pili haikuishia kwa heri, na tunaomba isomwe kwa makini, kwa kuwa inatuhusu sisi wazazi kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2006, katika kiwanja cha Southend hapa Uingereza, kijana mwanafunzi alikuwa peke yake katika ndege ndogo, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili tu kuruka bila mkufunzi. Alikuwa ameshanyooka na njia, anashuka kutua. Nyuma yake ilikuwa inakuja ndege nyingine yenye kasi zaidi. Mwongozaji wa mnarani alimtaka asitue, kisha akampa agizo la kugeuka ambalo halikuwamo katika mizunguko aliyoizoea. Kijana alilikubali agizo. Alipokuwa akilitekeleza, chini na kwa mwendo mdogo, ndege ilikoma kubeba, ikaanguka. Alifariki dunia.

Wachunguzi walieleza kwamba kijana yule aliwekwa katika hali ambayo mafunzo yake na uzoefu wake havikuwa vimemtayarisha kwayo. Mwongozaji hakutambua jinsi aliyekuwa akizungumza naye alivyokuwa mchanga katika kazi. Baada ya ajali hiyo uliwekwa utaratibu kwamba mwanafunzi arukaye peke yake hulitanguliza katika redio neno la kumtambulisha kuwa ni mwanafunzi, ili kila asikiaye ajue na ampe nafasi.

Sasa tujiulize. Rubani yeyote, hata mwanafunzi, ana haki ya kumjibu mwongozaji kwa neno moja: siwezi. Neno hilo limo katika lugha rasmi ya redio za ndege. Si ukaidi wala utovu wa adabu, ni taarifa. Mwenye ndege ndiye ajuaye kama ndege yake inaweza. Lakini watoto wetu tumewalea vipi? Tumewafundisha kwamba mkubwa akisema, mdogo huitika "labeka" na kutenda. Tumewafundisha wasimkatize mtu mzima, wasimwambie mwalimu kwamba hawakuelewa, wasijibu "siwezi" kabla ya kujaribu. Ni malezi mema, na hatusemi yaachwe. Twasema kwamba kijana aingiapo katika ndege, anahitaji kujua kuwa ipo adabu nyingine humo, na ruhusa ya kuitumia ni heri aipate kwa baba na mama yake kabla ya kuipata kwa mkufunzi. Mwambie kwa ulimi wako: mwanangu, mtu wa redioni akikuambia jambo usilolijua, sema hulijui, akikuambia jambo usiloliweza, sema huliwezi, nasi hatutakuita mjeuri.

KIJANA ALIYESEMA

Lipo neno la pili gumu kutamkwa katika nyumba zetu, nalo ni "nimeharibu".

Kijana mmoja wa jamii yetu, ambaye jina lake tunalihifadhi, alidunda mara mbili akiwa peke yake. Ndege ilisimama njiani, ikaweza kutembea yenyewe hadi maegeshoni, na kwa kuitazama tu ilikuwa nzima. Hapakuwa na aliyeona. Mwanafunzi mwingine alikuwa anasubiri zamu ya ndege ile ile. Kijana wetu alikwenda moja kwa moja kwa mkufunzi akamwambia: nimetua vibaya, nadhani pangaboi limegusa. Fundi alipokagua, alikuta ncha ya pangaboi imepinda, na bati la ukuta ulio nyuma ya injini, mahali inaposhikana na gurudumu la pua, limejikunja. Pangaboi likigonga ardhi wakati injini inazunguka, injini nayo hulazimika kufunguliwa na kukaguliwa, kwa sababu madhara yake hujificha ndani. Ndege hiyo haikuruka tena kwa wiki nyingi, na klabu ilimletea kijana hati ya kulipa sehemu ya gharama.

Baba yake, mtu aliyefanya kazi ya usiku miaka mingi, alikasirika na kuamua kuyakata masomo. Tulikwenda kuzungumza naye tukiwa watu watatu. Kijana alikuwapo, amekaa kimya. Alipopewa ruhusa ya kusema alisema kwa upole: "Baba, ningenyamaza usingejua."

Baba akajibu: "Na siku utakayonyamaza, mimi nitajuaje?"

Ni mama ndiye aliyelipa suala hilo jibu lake, naye alikuwa mlangoni na sinia la chai mkononi. "Baba watoto," alisema, "usimwadhibu siku anaposema. Ukimwadhibu leo, ndiyo utakuwa umemfunza kunyamaza."

Hatukuwa na la kuongeza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ndege ndogo anayeumbuliwa huenda asiwe yule aliyeficha, bali yule aliyepanda baada yake. Dunia nzima ya usafiri wa anga imejengwa juu ya maarifa hayo ya mama yule. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, kinasema kwamba lengo la uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafutia mtu lawama. Idara ya kuchunguza ajali za ndege ya Uingereza, yenye makao yake Farnborough, hutangaza kila mwezi taarifa za ajali, pamoja na zile ndogo za wanafunzi waliodunda na kuvunja gurudumu. Majina hayatajwi. Hutajwa umri, saa za kuruka, hali ya upepo, na kilichotokea. Maelfu ya watu wasiowajua wanafunzi hao husoma na kujifunza. Kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini anayejua njia kwa kupotea kwa mwenziwe amefaidika zaidi.

Kijana yule alirejea masomoni baada ya kitambo, kwa masharti ya baba: atalipa mwenyewe ile gharama kwa kazi ya mwisho wa wiki, na mkufunzi atarudi kukaa naye mpaka aridhike. Baba sasa humsindikiza mwenyewe, husimama kwenye uzio, na huhesabu.

MASWALI KWA MZAZI KUULIZA

Wazazi wengi wametuambia kwamba hawathubutu kuuliza kitu kwa kuwa Kiingereza chao hakiwatoshi. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza kwa lugha yoyote, na kijana mwenyewe anaweza kuwa mkalimani. Tunashauri haya:

1. Je, mwanangu atakuwa na mkufunzi mmoja au wawili wa kudumu, au kila wiki mgeni? Ajabu ya kutua ni kwamba kila mkufunzi ana maneno yake, na mwanafunzi anayebadilishiwa kila mara huchanganyikiwa.

2. Kabla ya kumwachia peke yake, atakuwa amefanya mazoezi ya kughairi mara ngapi, na akiwa katika kimo kipi? Ameonyeshwa la kufanya iwapo mnara utamwamuru jambo asilolizoea?

3. Kiwango cha upepo kwa mwanafunzi aliye peke yake ni kipi, na nani huamua siku hiyo? Jibu jema ni namba, si "tutaona".

4. Ndege ikiharibika mwanafunzi akiwa peke yake, bima inalipa nini, na nini kinabaki juu yetu? Ombeni maandishi, na msomeni pamoja kabla ya kutia sahihi. Hati aliyoletewa kijana tuliyemtaja ilitokana na kifungu ambacho hakuna aliyekisoma nyumbani.

5. Malipo ni ya kila somo, au ya pamoja kwa mbele? Msilipe fedha nyingi kwa mkupuo hata mkiahidiwa punguzo. Mwaka 2023 zaidi ya shule moja ya urubani hapa Uingereza ilifunga milango kwa kufilisika, na wanafunzi waliokuwa wametanguliza fedha walijikuta wamesimama nje.

6. Mwanafunzi akitua vibaya, utaratibu wa kuripoti ni upi? Sikilizeni jibu kwa makini. Shule inayosema "kwetu hayatokei" ni ya kuogopwa kuliko inayosema "hutokea, na tunafanya hivi".

Nanyi wazazi mna kazi yenu. Msimwahidi jamaa wa nyumbani kwa simu kwamba mtoto anaruka peke yake Jumamosi hii, kisha upepo ukivuma kijana aone haya kurudi bila kuruka. Msihesabu saa zake mkizilinganisha na za mtoto wa jirani. Anayeruka peke yake baada ya saa 12 na anayeruka baada ya saa 30 wote hupata leseni ile ile. Msimpeleke akiwa hakulala, na akiwa amefunga mwezi wa Ramadhani, azungumze na mkufunzi wake mapema kuhusu maji, chakula na saa za kuruka; kichwa kinachozunguka hakitui ndege.

TUSIWAFUNGIE NJIA

Yawezekana msomaji aliyefika hapa ameingiwa na hofu zaidi kuliko alivyoanza. Sivyo tulivyokusudia. Urubani si jambo geni kwetu. Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ili vijana wetu wasihitaji kuvuka bahari kwa elimu hiyo, na kiwanja cha Wilson, Nairobi, kimekuwa darasa la marubani kwa miaka mingi. Hatari nazo ziko huko kama zilivyo huku: tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo Cessna 172 iligongana angani na ndege ya abiria karibu na Nairobi, na mwanafunzi na mkufunzi wake wakapoteza maisha. Mungu awarehemu. Hakuna mzazi awezaye kuahidiwa kwamba hatari haipo.

Lakini hatari inayojulikana huwekewa mipaka, na ya kutua inajulikana barabara. Ni mwendo, ni upepo, ni macho, ni mkono usio na pupa. Na zaidi ya hayo ni kijana awezaye kusema "siwezi" kwa mkubwa wake, na "nimeharibu" kwa mzazi wake. Manne ya mwanzo atayafundisha mkufunzi kwa fedha. Mawili ya mwisho hayauzwi kiwanjani. Yaanze nyumbani, jioni ya leo, kijana akiwa bado ameketi nanyi mezani.

Wenye watoto wanaosoma urubani na wanaotaka kukutana na wazazi wenzao wanaombwa waache majina yao kwa wahariri. Tukifika watano au sita, tutamwalika mkufunzi mmoja aje atueleze mwenyewe, na tafsiri ya Kiswahili tutaifanya sisi.